Barua ya Wazi kwa Hoteli Inayoogopa Chupa ya Maji

Kwa: Meneja Mkuu, Hoteli ya Ufukweni, Diani, Kaunti ya Kwale
KUH: OMBI LA KUANZISHWA KWA IDARA YA FORODHA YA MADAFU

Uongozi mtukufu unasalimiwa na wageni wake wa bei ya wakazi, yaani wale wanaotozwa kwa shilingi na kutabasamiwa kwa kiasi, na unapongezwa kwa utaratibu wa getini ambao kwa miaka mingi umeilinda Bahari ya Hindi dhidi ya chupa ya maji ya nusu lita. Hakuna mgeni asiyeifahamu ile meza ya plastiki kando ya kibanda cha askari, ambapo huachwa chupa, machungwa na mfuko wa khaki wa mahamri ambayo mafuta yake yamekwisha kuchora duara kwenye karatasi, huku mtoto wa miaka minne akiutazama mfuko huo kama anayeagana na jamaa.

Sababu inayotolewa ni mazingira, nayo ina msingi wa kisheria, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya, zikiwemo fukwe. Kilichogunduliwa na Uongozi ni kwamba plastiki inayomdhuru kasa ni ile iliyonunuliwa mjini Ukunda peke yake, ilhali ile inayouzwa kwenye baa ya bwawa, yenye maji yaleyale ambayo bei yake imepanda mara kadhaa kwa safari fupi ya tuktuk, humpendeza kasa huyo huyo. Na kwa kuwa maji ya mfereji wa chumbani hutoka kisimani yakionja chumvi, na kibandiko juu ya sinki humwonya mgeni asiyanywe, kiu yenyewe imekuwa huduma ya ziada inayotozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16.

Ni vyema ikumbukwe kwamba mgeni huyu hufika getini kwa ubanaji matumizi, yaani ustadi wa kuikatalia shilingi isitoke kabla ya wakati wake. Alidunduliza mwaka mzima, akapanda treni ya SGR badala ya ndege, akavuka Likoni kwa feri isiyomtoza nauli aendaye kwa miguu, kisha akachagua hafubodi, utaratibu wa malazi pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni, ambapo mchana kila mtu hujijua. Serikali imemvusha mkono wa bahari bure. Hoteli haiwezi kumvusha geti na maji yake mwenyewe. Ustadi uleule ulioileta pesa hadi mapokezi huitwa ubahili mara tu pesa hiyo inapokwisha kupokewa.

Kwa hiyo, ombi kuu la barua hii ni kwamba Uongozi uache kuifanya kazi hii kienyeji na uanzishe Idara ya Forodha ya Madafu, forodha ikiwa ni mamlaka ya kukagua na kutoza ushuru bidhaa zinazovuka mpaka. Makao yake yawe kwenye ngazi za kushukia ufukweni, kwa sababu ng'ambo ya kamba ya mpaka wa hoteli hukaa mkwezi, yaani mpanda minazi, mwenye panga na pakacha la madafu, ambaye humuuzia yeyote bila kumuuliza namba ya chumba. Afisa wa forodha atahitaji mafunzo marefu, kwa maana tunda la mnazi hubadili jina kadiri linavyokua, likianza kidaka, likawa kitale, kisha dafu lenye maji matamu na nyama laini, kisha koroma ambalo nyama yake imeanza kukaza, na hatimaye nazi; na ni dhahiri kwamba ushuru wa dafu hauwezi kulingana na wa koroma, kwani moja ni kinywaji na jingine limo njiani kuelekea kwenye mchuzi. Ukizuka ubishi, afisa atalitikisa tunda karibu na sikio, atayasikiliza maji yake, kisha ataandika matokeo kwa nakala tatu: moja ya hoteli, moja ya mgeni, na moja ya mnazi.

Mpaka wenyewe utadai bidii, maana bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, hivyo meza ya forodha italazimika kuyafuata maji yanaposhuka na kurudi nayo yanapopanda, afisa akiwa amekunja suruali. Siku za bamvua, yaani zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa kupita kawaida hadi kuulamba ukuta wa hoteli, kituo kitafungwa na madafu yote yatahesabiwa kuwa shehena ya baharini. Mgeni atakayelinywa dafu upande wa umma na kupanda ngazi akiwa nalo tumboni atapewa viza ya saa mbili, muda unaoutosha mwili kukamilisha usafirishaji kwa njia zake.

Maombi mengine ni madogo. Bei ya kufuliwa shati ibandikwe kando ya bei ya shati jipya Ukunda, ili mgeni achague. Dereva wa teksi ya hoteli aache kuwatisha watu kuhusu tuktuk ambayo yeye mwenyewe huipanda kurudi kwake. Mahamri yanayotwaliwa getini yasionekane tena kwenye Usiku wa Mswahili, yamepangwa juu ya majani ya mgomba kwa bei ya kuku mzima.

Tukirudi getini, anayepekuliwa hadi mfuko wa ndani ni yule anayemwamkia askari kwa Kiswahili. Mikoba ya wanaosema "jambo" kwa lafudhi ya mbali hupita ikisindikizwa na tabasamu. Mama hufunguliwa chupa ya uji wa mtoto, ikanuswa mbele ya foleni. Huo si ulinzi wa kasa. Ni dharau, na aibu yake hutwishwa askari ambaye saa nne asubuhi hula mahamri yaleyale nyuma ya kibanda, akiwa amelipa geti mgongo. Mwaka 2020, ndege za Ulaya ziliposimama, ni huyo huyo msema Kiswahili aliyebembelezwa aje, na vyumba vilivyokuwa vitupu vikalaliwa.

Uongozi uusamehe ukali huo, ambao huenda umetokana na kiu. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakutaja mwenyeji anaugua nini, wala tiba yake ni lita ngapi. Barua hii inawasilishwa getini kwa mkono, na imekaguliwa: ni kavu.

Wageni wa Hafubodi,
Vyumba vya Upande wa Maegesho.