Ovateki

Wavaiking ndio waliowapelekea Waingereza kitenzi "take". Kwao kilikuwa "taka", wala si hizi zetu za jalalani. Waingereza wakakiongezea kichwa, kikawa "overtake": kumfikia unayemfukuza, kumtia mkononi. Maana ya kumpita mtu barabarani ilichelewa kuja, na sisi tukaikwapua hiyohiyo.

Basi njoo Mikumi, pale barabara ya Iringa inapoikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Kibao kinasema 70 mchana, 50 usiku. Dereva wetu anaovateki lori la shaba, anaovateki nyani, anakiovateki na kibao chenyewe. Mbele, chini ya mti, trafiki na tochi yake wanakirudishia kitenzi maana yake ya kale.