Mimi Msanii Tu

Nchi ikichafuka, watu wetu hawamtafuti mbunge wao. Wanamtafuta mwanamuziki. Wanaingia kwenye ukurasa wake usiku wa manane, wanakuta picha ya kiatu kipya, wanaanza kumwaga matusi: mbona kimya, umelipwa shilingi ngapi? Mimi leo nasimama upande wa mwenye kiatu. Ametukanwa vya kutosha na hajapata hata mtu mmoja wa kumsifu, ilhali kazi anayoifanya ni ngumu kuliko kuimba. Kuimba wengi wanaweza. Kunyamaza mbele ya wafuasi mamilioni, kila siku ya Mungu, simu ikiwa mkononi na mdomo ukiwa mzima, hicho ni kipaji.

Nakijua kwa karibu kwa sababu kimewahi kunilisha. Mwanzoni mwa Novemba 2025, intaneti iliporudi baada ya kuzimwa siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Oktoba 29, meneja wa msanii mmoja alinipigia. "Kaka, tuandikie kitu kifupi. Kiwe na huzuni, lakini kisiwe na upande." Nikamuuliza, huzuni ya nini? Akanyamaza kidogo (naye ni fundi), kisha akasema: "Ya jumla."

Usiku ule nilikiheshimu Kiswahili upya. Shuleni tulifundishwa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, tukadhani ni mambo ya mtihani. Ukisema kikombe kimevunjwa, mama atauliza, na nani? Ukisema kimevunjika, kosa ni la kikombe chenyewe, wewe unaendelea na uji wako. Kila mtoto wa Kiswahili anaijua tofauti hii kabla hajajua kuhesabu. Basi nikaketi nikaandika: amani yetu imetikisika, mioyo imevunjika, yametokea yaliyotokea, tumepoteza wapendwa wetu. Tumepoteza! Kama mtu aliyepoteza funguo kwenye daladala. Hakuna aliyetenda, hakuna aliyetendwa. Meneja alifurahi sana, ila aliomba nitoe neno "haki" kwa kuwa "lina siasa ndani yake", tukaweka "upendo". Maneno yale yakakaa chini ya picha ya mshumaa, mashabiki wakaandika "amina", na mimi nikalipwa siku hiyohiyo.

Wanaomlaumu husema anaogopa. Ndiyo, anaogopa, ana kumbukumbu nzuri. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia. Siku ya pili yake waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda: mwimbaji aachiwe, wimbo upigwe, na ingefaa aongezee wengine wanaostahili kusemwa, kama wakwepa kodi. Mitaani watu walishangilia. Mimi niliwaonea huruma watunzi wote wa nchi hii, maana hata ukisamehewa unarudishwa studio na maagizo ya ubeti. Hazikupita wiki mbili. Aprili 5, rapa mwingine, Roma Mkatoliki, na wenzake wakachukuliwa na watu wasiojulikana katika studio za Tongwe, Dar es Salaam, wakaonekana tena baada ya siku tatu. (Hao "watu wasiojulikana" nao ni wanafunzi hodari wa kauli ya kutendeka.) Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Sugu, aliyetoka kwenye rap hadi kuwa mbunge wa Mbeya Mjini: miezi mitano jela kwa maneno aliyoyasema mkutanoni juu ya rais. Alidhani amebadilisha kazi, kumbe kipaza sauti ni kilekile.

Na mkisema hayo ni mambo ya rap, ya vijana wa mjini, nendeni kwa washairi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, hata miaka 25 hajafika. Akafungwa miaka mitatu. Gerezani akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 kama kitabu, Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la mkuu wa serikali ileile iliyomfunga. Piga hesabu ya hasara. Angejiuliza nchi inakwenda wapi kimoyomoyo tu, angeokoa miaka mitatu ya ujana wake, nasi tungesalimika na usumbufu wa kuwa na kitabu kizuri namna ile.

Basi asifie, mtasema. Asifie ale vizuri. Hamwijui dunia. Mwaka 2020 Diamond Platnumz alisifia, kwa sauti kubwa na madansa nyuma yake, katika kampeni za chama tawala, CCM. Mwaka uliofuata, alipoteuliwa kuwania tuzo za BET, maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka aondolewe, kwa sababu ya kampeni zile. Tuzo ikaenda kwa Burna Boy wa Nigeria. Aliyesema vibaya ameumia, aliyesema vizuri ameumia, na katikati yao yupo mtu wangu na kiatu chake, hajaguswa.

Kisha msimlaumu kabla ya kuhesabu walio nyuma yake. Onyesho linataka kibali cha afisa utamaduni, linataka polisi, linataka ukumbi ambao mwenyewe hataki maswali. Redio inataka amani na wakubwa zake. Kampuni iliyompa ubalozi imeandika kwenye mkataba kwamba balozi asijihusishe na jambo la kuleta utata, na hakuna jambo lenye utata kama ukweli uliosemwa kwenye mwezi mbaya. Madansa wapo sita, DJ, dereva, mpiga picha, mdogo wake yuko chuo mwaka wa pili, mama amehamia nyumba ambayo bado haina dari. Neno moja likiteleza, wote hao wanarudi uswahilini. Sisi tunaomdai ushujaa tunaudai tukiwa tumelala kitandani, kwa bando la siku, na wengi wetu tunatumia jina la bandia.

Lakini adui mkubwa wa mtu ninayemsifu ni chawa. Chawa anasifu bila kuulizwa, anasifu barabara, anasifu mvua, anasifu hadi anayesifiwa anaangalia saa. Ameiharibu bei sokoni. Msanii aliyenyamaza akisimama kando yake huonekana mtu wa heshima zake, na hapa sifanyi mzaha: kati ya aliyekaa kimya na aliyekodishwa kuniambia kwamba hakuna lolote lililotokea, wa kwanza angalau hajaniongopea.

Tabu ni kwamba kimya halisi hakipatikani tena. Wengi wanaojiita wa kimya hukaa hivyo miaka minne na miezi kumi, wakiapa kwamba sanaa na siasa ni vitu viwili na mashabiki wao wako vyama vyote. Kampeni zikianza tu, sauti inarudi. Unawakuta juu ya jukwaa la lori, kofia ya chama kichwani, wimbo wa mapenzi umeshatiwa jina la mgombea pale palipokuwa na jina la mpenzi. Zamani mambo yalikuwa wazi kidogo. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na jina lake lilisema hivyo. Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ilikuwa ya CCM mchana kweupe. Ukienda kuwasikiliza ulijua nani kanunua magitaa. Huyu wa leo ni wa wote hadi apigiwe simu.

Wazee wetu wa pwani nao walinyamaza, ila kwa namna yao. Mwimbaji wa taarabu hamtaji mtu. Anaimba paka, anaimba jahazi bovu, na ukumbi mzima unajua nani kalengwa. Mwenye wimbo wake anainuka taratibu kwenda kutunza, noti mkononi, macho kwa mbaya wake. Jina lilifichwa ili ujumbe ufike. Mtu wangu amekwenda mbele zaidi: jina la mdhamini linafika, ujumbe ndio uliofichwa.

Wako pia wanaokiaibisha kimya, na siwezi kumaliza bila kuwakemea. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere Girls walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama la Kenya na mchezo wa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Mchezo ulikuwa umezuiwa, mahakama ikaurudisha. Nje polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kutamka hata neno moja la mchezo wao. Kenya nzima ikawasikia. Huo ni ukosefu wa nidhamu katika fani. Mtoto wa shule ananyamazaje hadi anasikika kuliko aliyesema? Kwa mwendo huo watu wataanza kutega masikio kila mtu akinyamaza, na wenye mikataba watakosa pa kujificha.

Msomaji, utakuwa umeona kwamba wote niliowataja kwa majina ni waliosema, na wale wasichana ambao hata kimya chao kilisema. Walionyamaza sikumtaja hata mmoja, wala yule wa mshumaa. Meneja wake bado ana namba yangu, na mwaka 2030 kuna uchaguzi mwingine.