Asia kwa Noti ya Mia Mbili

Siku utakapochoka na ugali, usimwambie mtu wa Bungoma. Mwambie una shughuli mjini, vaa shati lenye kola, kisha uende zako ukale Asia. Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kitale au Bungoma mwenye noti ya mia mbili, hamu ya kuuona ulimwengu, na nauli isiyomfikisha mbali.

Anzia kwenye hoteli ya ghorofani. Huko juu viti vina mito, taa zimevishwa vikapu, na muziki umepunguzwa hadi unamsikia jirani akihesabu pesa chini ya meza. Utaletewa menyu iliyofunikwa plastiki. Isome kama atlasi: kwa heshima, na bila kutarajia kufika. Humo mna tikka ya kuku, paneer ya mchicha, biriani ya mbuzi, wali wa Kichina, tambi za Singapore, na kitu cha Kithai ambacho bei yake imefutwa na kuandikwa upya hadi karatasi ikatoboka. Usiagize bado. Uliza kwanza, kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Dada, leo kuna nini?" Ukikaidi ukataja paneer, dada ataingia jikoni, akae huko muda wa kutosha kuposwa, kisha arudi akuambie imeisha. Haijaisha. Haikuwahi kuanza.

Wali wa Kichina, kwa upande wake, haukosekani. Utautambua kwa karoti na pilipili hoho zilizokatwakatwa, yai lililovurugwa, na mchuzi wa soya wa kutosha kuufanya uonekane umesafiri. Lakini ufanyie ukaguzi. Karoti na hoho zimenunuliwa sokoni asubuhi hiyo, kabichi imeteremka kutoka Cherang'any, yai limetoka Kiminini, na mpishi ni kijana wa Matisi ambaye China anaijua kupitia simu yake. Tukiondoa mchele, mafuta na kile kichupa cha soya, una sahani ya Trans Nzoia iliyopewa pasipoti, na ada ya pasipoti umetozwa wewe.

Hapo kwenye menyu, karibu na wali huo, huenda ukamkuta kuku wa Manchurian. Huyu mkariri vizuri, maana atakusaidia kumshangaza uliyekuja naye hata kama hutamnunua. Manchuria iko kaskazini-mashariki mwa China, lakini kitoweo hiki hakikutoka huko. Sifa zake hupewa Nelson Wang, mpishi wa ukoo wa Kichina aliyezaliwa Kolkata, India. Inasimuliwa kwamba mwaka 1975, jijini Mumbai, mteja alimwomba kitu kipya; akakaanga tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbichi kama Mhindi yeyote, kisha badala ya garam masala akatia mchuzi wa soya na kuufanya mzito kwa wanga wa mahindi. Wanga wa mahindi! Simulia mpaka hapo, kisha unyamaze. Mtu wa Kitale, mji wenye makao ya Kenya Seed tangu 1956, ana haki ya kudai hisa katika kitoweo hicho.

Sasa tazama safu ya bei upande wa kulia. Noti yako inatosha soda, na labda chipsi masala kama zinauzwa nusu. Usizidharau. Viazi vilivyokwisha kukaangwa vikarudishwa kwenye kaango pamoja na nyanya, dhania na bizari ni Uhindi uliozaliwa Kenya, na ndicho kitu pekee kwenye menyu hiyo ambacho mpishi hukipika bila kufikiri. Kama mko wawili, ombeni sahani moja ya chipsi na sahani moja tupu. Dada atawatazama. Mtazameni pia.

Kisha shukeni ngazi.

Nyuma ya hoteli hiyo, upande wa stendi, kuna kibanda cha mabati na mama mwenye sufuria tatu. Hana menyu. Ana mkono unaoelekeza: hiki, hiki, na kile kimebaki kidogo. Agiza wali kwa samaki wa kukaanga, na ukifika hapo fanya ukaguzi uleule uliofanya ghorofani. Mchele wa bei nafuu una uwezekano mkubwa wa kuwa umetoka Pakistan, kwani Kenya hailimi wa kuitosha na Pakistan ni kati ya wanaotuuzia kwa wingi. Mafuta ya kukaangia ni ya mawese kutoka Malaysia au Indonesia, yaliyosafishwa hapa nchini na kupewa jina la Kiswahili kwenye mtungi. Samaki mchunguze kwa adabu. Kama amelingana urefu na wenzake wote kwenye karai, kana kwamba walishonewa sare, huenda ni tilapia wa China aliyefika hapa akiwa barafu. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamemlalamikia kwa miaka. Bizari iliyoutia mchuzi rangi ina asili ya India. Cha kwetu hapo ni sukuma wiki, na moto.

Kwa hiyo ghorofani ungelipa pesa nyingi ukale Trans Nzoia, na hapa chini, kwa pesa kidogo na benchi la kuyumba, umekula nchi nne za Asia kwa mkupuo mmoja. Usimwambie mama. Siku atakayojua kwamba anauza mseto wa kimataifa, ataandika ubaoni, ataweka mito kwenye benchi, na bei itapanda ghorofani.

Chapo-ndengu ya mama huyo ni ya siku ya Jumatano, wakati mwezi umefika kona. Chapati haikuja Kenya kwa ndege. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kuja kujenga reli, na karibu 6,700 kati yao wakabaki. Wengine waliwafuata wakiwa na maduka, na maduka yakaifuata reli, ambayo ilifika Kitale mwaka 1926. Wajukuu wa wateja wa maduka hayo leo wanakataa kwamba chapati ni ya Kihindi. Kwao ni ya Krismasi. Ndengu nazo omba ziongezwe mchuzi, hiyo ni bure. Chai usiikose: majani ni yetu, namna ya kuyachemsha pamoja na maziwa, sukari na tangawizi tulijifunza kwa Wahindi, na mnunuzi wetu mkubwa wa chai ni Pakistan. Wao wanatupa wali, sisi tunawapa cha kuteremshia.

Ukimaliza, chukua kijiti cha meno, usimame kidogo mbele ya ngazi za ile hoteli ya ghorofani. Watu wakuone unatoka.

Bungoma ina kanuni zake, na aliyetoka Kitale kwa matatu ya kupitia Kamukuywa na Webuye asidhani ujuzi wake utamfaa wote. Mbukusu atakula biriani yako kwa furaha, atakusifia upishi, kisha atauliza chakula kinaletwa saa ngapi. Wali ni wa kupoozea njaa wakati ugali unasongwa. Hivyo, mkaribishe kwa njia inayomfaa: "Mayi, nipe ugali, halafu umimine huo mchuzi wa biriani juu." Mama hatashangaa. Ugali kwa mchuzi wa biriani, ugali kwa tikka, hata ugali kwa kuku wa Manchurian ukimpata, hiyo ndiyo mikutano ya kilele ya Asia na Afrika ambayo haihitaji mkalimani. Vijiti vya Kichina viache vilipo. Hakuna vijiti vilivyowahi kumega ugali wa Bungoma vikabaki viwili.

Pilau itafute Kanduyi, mahali yanapopumzika malori yaendayo Malaba. Dereva aliyepakia Mombasa anajua pilau inavyopaswa kunukia, na hali mara ya pili kwa mtu anayeitia rangi kwa royco. Fuata malori, hesabu madereva, keti walipo wengi.

Na kwa kuwa Uganda iko hapo tu, jioni tafuta rolex. Saa yenye jina hilo hutaimudu. Hii utaimudu kwa chenji. Ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga pamoja na kabichi na nyanya, na kwa masimulizi ya wengi ilivuma Wandegeya, Kampala, kwa wanafunzi wa Makerere wasio na pesa wala muda wa kuketi. Ile mikono ya vibarua wa reli, kuku wa kienyeji na njaa ya chuo kikuu, vyote kwenye kipande kimoja cha gazeti. Ule ukitembea. Ukiketi utaagiza ya pili.

Mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, funga mwongozo huu kabisa. Ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na kila boma lenye ngoma lina sufuria kubwa. Pilau na chapati siku hizi hukaa kando ya busaa bila ugomvi, na anayejua kuimba hata kiitikio kimoja haulizwi ametoka wapi.

Msomaji bahili zaidi atauliza kama kuna Asia ya bure kabisa. Ipo. Kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa kuna hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka uleule wa 1926 reli ilipofika Kitale, ambako msafiri yeyote hulishwa dengu, wali na chapati bila kudaiwa senti. Vua viatu, funika kichwa, kula ushibe, usibakishe. Kutoka Bungoma ni zaidi ya kilomita 500, kwenda tu. Noti yako ya mia mbili mkabidhi kondakta, na umweleze kwa upole kwamba iliyobaki utaizungumza naye mbele ya safari.