Jinsi ya Kuzamisha Trekta Bila Kuzamisha Jina

Kulitoa trekta kwenye tope ni kazi ya mtu yeyote mwenye subira. Kulizamisha mbele ya kijiji kizima, kisha ukaondoka pale bado unaitwa fundi, hiyo ni kazi ya wachache. Mwongozo huu ni wako wewe dereva wa Bonde la Kilombero, wa Usangu, na wa kila mahali panapolimwa mpunga. Sogea karibu, tusisikiwe na bosi.

Hatua ya kwanza: Chagua tope lenye hadhi

Usikwame kwenye mchanga. Utatoka mapema na hakuna atakayekumbuka. Tafuta udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua zikianza hunywa maji, huvimba na kulainika huko chini, huku juu pakionekana pako imara kabisa. Mwezi wa 12, baada ya mvua mbili tatu za kwanza, majani yameota na jaruba linapendeza machoni. Hapo ndipo pako.

Usishuke kukagua. Dereva anayetembea shambani akichomachoma ardhi kwa fimbo anaonekana mwoga. Atatokea mtoto mchunga ng'ombe, atasema, "Shikamoo. Hapo pana maji, jana ndama wetu amezama." Itikia "Marahaba," mpungie mkono, ingiza gia. Mtoto wa darasa la nne atajua nini kuhusu Massey Ferguson?

Hatua ya pili: Kanyaga mafuta

Tairi la nyuma likianza kuteleza, bado unayo nafasi ndogo ya kuachia mafuta, kukanyaga klachi na kurudi kinyumenyume kwa njia ile ile uliyojia. Usiitumie. Kurudi nyuma ni kukiri, na watu wameshaanza kutazama. Ongeza mafuta. Moshi mweusi ukipanda, hata walio barabarani watajua huku kuna kazi.

Meno ya tairi hushika ardhi yakiwa wazi tu. Yakishajaa mfinyanzi, tairi linakuwa duara laini, na kila linapozunguka linachota udongo wa chini na kuutupa nyuma. Kwa maneno mengine, unachimba kisima kwa dizeli. Endelea mpaka tumbo la trekta lilale juu ya tope. Hapo uzito wote, tani zaidi ya mbili, umebebwa na tumbo, na magurudumu yanazunguka bure. Hongera, umefika.

Jembe la sahani liache huko huko ardhini. Kulinyanyua ni kuvuta mkono mmoja wa haidroliki, na kulifungua kabisa ni kuchomoa pini tatu, lakini ukifanya hivyo trekta linaweza kutoka, na mkutano ndio kwanza unaanza.

Kuna pia difu loki. Ni ile pedeli ndogo karibu na kisigino cha mguu wa kulia, ambayo hujaigusa tangu ukabidhiwe trekta na sasa imefunikwa na tope la misimu mitatu. Kazi yake ni kuyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Bila hiyo, lile linaloteleza huzunguka peke yake na lile lililoshika ardhi imara hukaa tu kutazama, kama shemeji siku ya palizi. Wanaojua kazi huachia mafuta kwanza, tairi likatulia, ndipo wakakanyaga, kisha wakaondoka polepole, wamenyoosha usukani. Wewe ikanyage tairi likiwa linazunguka kwa kasi yake yote, halafu kata kona. Huo mlio utakaousikia ni pesa ya bosi.

Hatua ya tatu: Pokea wataalamu

Ndani ya nusu saa utakuwa na watu wa kutosha kuchagua mwenyekiti. Atakuwepo mzee aliyeendesha Valmet enzi zilipokuwa zikiunganishwa Kibaha, naye ataeleza kwamba matrekta ya siku zile hayakukwama. Atakuwepo kijana wa bodaboda. Atakuwepo mwenye shamba, ambaye hasemi kitu, anahesabu tu mistari iliyobaki.

Kubaliana na wote. Anayesema "rudi nyuma," mwambie ndivyo ulivyokuwa unawaza. Anayesema "twanga mbele," mwambie hivyo hivyo. Lililo muhimu ni kubaki kwenye kiti. Aliyeko juu ya kiti ni dereva. Akishuka matope yakamfika magotini, anakuwa mtu aliyekwama. Utingo ndiye wa kushuka. Kama huna utingo, mteue mmoja kutoka kwenye hadhira. Hakuna atakayekataa cheo.

Hatua ya nne: Imefutwa

Hapa palikuwa na hatua ya gogo. Mtu mmoja kwenye kundi lazima ataipendekeza: funga gogo kwa mnyororo kwenye matairi ya nyuma, ingiza gia ya mbele, tairi litalipanda gogo na trekta litaruka nje. Nimekushauri upuuzi mwingi hadi sasa, huu siutaki. Gogo likishindwa kupita, tairi halizunguki tena, lakini injini bado inasukuma. Nguvu hiyo lazima iende mahali, na inakwenda kuinyanyua pua ya trekta. Trekta hupinduka kinyumenyume kwa chini ya sekunde mbili, na Massey nyingi za zamani hazina fremu ya kumkinga dereva. Usukani hukutana na kifua.

Mnyororo wa kuvutia nao si wa mzaha. Trekta linalovuta lifungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia trela, kamwe lisifungwe juu karibu na kiti. Kamba au mnyororo ukikatika hurudi kwa kasi isiyokupa muda wa kuinama, kwa hiyo wafukuze watu wote, na bodaboda wako pia. Tumeelewana? Haya, turudi kwenye ujinga wetu.

Hatua ya tano: Ita trekta la pili

Mpigie dereva mwenzako. Usimwambie ukweli wote, mwambie "nimegusa tope kidogo, njoo unisogeze." Akifika, mhakikishie kwamba pale aliposimama ni pagumu, umepapita mwenyewe asubuhi. Naye akizama, mambo yako yamenyooka. Trekta moja likizama watu wanamsema dereva. Yakizama mawili, wanailaumu ardhi.

Jihadhari na jirani mwenye maksai. Atakuja na jozi mbili, taratibu, bila kelele, atoe shauri kwamba wanyama wake wajaribu. Mkatalie kwa adabu zote. Wakishindwa, umepoteza muda. Wakiweza, utaitwa jina la yule dume wa kushoto mpaka unastaafu.

Hatua ya sita: Mpigie bosi

Anza na salamu ndefu. "Shikamoo mzee. Habari za Morogoro? Mama hajambo? Vijana?" Kisha sema: "Huku tumepata hitilafu ndogo ya udongo." Usiseme "nimekwama", sema "trekta limegoma kutoka." Akikukaripia, mkumbushe Kongwa. Serikali nzima ya Uingereza ilikuja na mpango wa karanga mwaka 1947, ikaleta hadi matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya Sherman, na mwaka 1951 ikafunga virago ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Udongo wa Kongwa ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Wao walikuwa na Bunge la kuwasikiliza; wewe una vocha ya shilingi mia tano, kwa hiyo fupisha.

Hatua ya saba: Subiri giza

Mwambie kila mtu kwamba kesho litakuja krini kutoka Ifakara. Watatawanyika, maana krini ni jambo la kuamkia mapema. Baki wewe na utingo.

Sasa shuka. Chukua koleo. Chimba mbele na nyuma ya kila gurudumu la nyuma, utengeneze mteremko mrefu, usiwe ukuta. Fukua chini ya tumbo mpaka mkono upite. Kwangua meno ya matairi yote mawili kwa ncha ya panga hadi uone mpira.  Tandika matawi na maganda ya mpunga kwenye mteremko, yakandamize kwa miguu. Washa, nyanyua jembe, gia ya nyuma iliyo ndogo kuliko zote, difu loki, mafuta ya chini kabisa. Achia klachi kidogo kidogo. Trekta litatikisika, litasita, kisha litatoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa njia ile ile uliyojia.

Lingetoka hivyo hivyo saa nne asubuhi, lakini watu wangekuona umeshika koleo.

Lipaki barabarani, ulale. Alfajiri watakuja kuangalia krini na watakukuta unapiga mswaki. Wakiuliza umetokaje, jibu neno moja: "Gia." Usifafanue. Yule mzee wa Valmet atawafafanulia, na utingo mpe elfu tano mapema, kabla hajaamua kuwa na maelezo yake.