Mimi Mfuga Bakteria

Jirani, ukimsikia mtu anajisifu ana kazi kiwandani, muulize kwanza anaingilia geti gani. Mimi naingilia la nyuma. Kiwanda chenyewe kikubwa, cha minofu ya sangara, hapahapa Mwanza. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Mimi hata gari la stafu kulipanda ni mbinde. Siyo kwamba nimekatazwa. Ila nikikaa siti ya mbele, wenzangu wote wanakumbuka ghafla kwamba huko nyuma kuna upepo mzuri.

Cheo changu ni Msimamizi wa Uzingatiaji wa Masharti ya Mazingira. Hakikuenea kwenye kitambulisho, wakaandika "Mazingira", basi. Mama mkwe akakisoma, akaniuliza kwa upole kama fagio nanunua mwenyewe au ofisi inatoa. Bosi naye ananikumbuka tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Napewa kofia na mche wa mti, tunapigwa picha, anaondoka. Mbuzi wa mtaani wanaijua tarehe hiyo kuliko mimi.

Sasa sikia kazi yenyewe. Sangara akishakatwa, kila kitu chake kina mwenyewe. Minofu ya Wazungu. Mabondo yana matajiri wao huko Asia, bei yake usiulize, yanafungiwa chumba chenye kufuli. Mapanki yanagombewa hapo nje. Kinachobaki ni damu, mafuta, magamba, na maji yaliyoosha vyote hivyo. Hicho ndicho changu. Ndicho nilichosomea, mzee akauza ng'ombe.

Na maji hayo huwezi kuyarudisha ziwani hivihivi. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kuna viwango chini yake. pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. BOD isizidi miligramu 30 kwa lita. Hiyo BOD ni oksijeni ambayo vijidudu wataimaliza wakianza kula uchafu ulio majini. Ikizidi, samaki waliobaki ziwani wanakosa pumzi. Damu ya sangara peke yake inakupeleka elfu na ushee kabla hujanywa chai. Ndiyo maana tuna mtego wa mafuta, kisha mabwawa, na ndani ya bwawa tunafuga bakteria. Wanakula uchafu, wananenepa, wanazama chini, juu yanabaki maji meupe. Wanafanyaje hasa, wajuao ni wao. Mimi nawalisha tu.

Balaa linaanzia hapo. Kiwanda kizima, kuanzia meneja mpaka anayefua makoti, wanalipwa kuua bakteria. Mabango kila mlango. Dimbwi la klorini la kukanyagia buti. Mimi peke yangu nalipwa kuwafuga. Ni kufuga kuku mtaa wa vicheche, jirani. Zamu ya usiku ikimaliza kukata, wanaosha sakafu. Klorini inamwagwa, kostiki inamwagwa, na yote inashuka kwa nani? Asubuhi nakuta povu limejaa, tope linaelea, harufu siyo ile niliyoiacha. Mifugo imekufa. Nikaenda Udhibiti Ubora kulalamika. Yule dada wa maabara huwa anaongea na mimi kupitia kidirisha.

"Kaka, unasema bakteria wamekufa wote?"

"Wote, dada'angu."

"Hongera sana."

Umeme ukikatika ni msiba mwingine. Hawa viumbe wanapumua kwa mashine ya kupulizia hewa. Jenereta likiwaka linahudumia vyumba vya baridi, halafu mashine za barafu, halafu ofisi ya bosi, halafu birika la ofisi ya bosi. Mimi nimo kwenye orodha, chini ya taa za geti. Nilipokwenda kuomba, fundi akanisikiliza vizuri tu, akauliza, "Kwani hao wadudu wako wanaiingizia kampuni shilingi ngapi?"

Na bosi anataka majibu ya papo kwa papo. "Maji ya leo yakoje?" Namwambia, bosi, kipimo cha BOD kinakaa gizani siku 5, kwenye nyuzi joto 20. Leo naweza kukwambia ya wiki iliyopita. Akanitazama. "Kwa hiyo nakulipa kwa habari za zamani?" Nikacheka, nikijua ni utani. Mwisho wa mwezi mshahara wangu nao ukakaa gizani siku 5.

Juzi wakaja wakaguzi. Nikavaa shati. Nikafagia pale pa kuchotea sampuli, hawakupatazama hata, wakaenda moja kwa moja kwenye bomba la kutokea wakajaza chupa zao. Kisha wote ukumbini, kuna kiyoyozi, kuna sambusa. Wakaanza kuuliza maswali, bosi akasema mtaalamu wetu atajibu. Mtaalamu ni mimi. Sekretari akaangalia buti zangu, akaangalia zulia, akafungua dirisha.

Nikajibu yote kutokea nje, jirani, vifungu vya sheria na mita 60 za kando ya ziwa, nimeshikilia nondo za dirisha. Mkaguzi mmoja akasema kwa macho tu maji yanaonekana safi. Bosi akasema ahsante, tunajitahidi. Halafu akanionea huruma, akanipitishia sambusa kati ya nondo. Ikaniponyoka. Korongo mmoja, wale ndege wenye upara wanaoshinda uani kwetu, akaiwahi.

Sekretari akafunga dirisha, akasema inzi wanaingia.