Elfu Tano ya Bure

Tangazo la redio huwa na sauti mbili. Ya kwanza inakuambia taratibu, kwa bashasha, kwamba bei zimeshuka. Ya pili inakuja mwishoni mbiombio, utadhani kondakta anakimbilia daladala lililomwacha: vigezonamashartikuzingatiwa. Kuponi yangu, iliyokatwa gazetini kwa mkasi wa shule wa binti yetu, ilikuwa imeandikwa kwa sauti ya kwanza. Nunua vitu vya shilingi 50,000, upunguziwe 5,000.

Sisi wa Kariakoo tumezoea punguzo la kupigania. Unataja bei yako, muuzaji anaguna, unajifanya unaondoka, anakuita "njoo basi, lete hela". Kupewa punguzo lililochapwa kabisa, bila kumbembeleza mtu, niliona ni heshima. Nikaingia supamaketi kifua mbele.

Nikajaza toroli: mchele, sukari, unga, mafuta ya kula, pampasi, sabuni za kila aina. Jumla 83,000. Nikamkabidhi dada wa kaunta kuponi yangu. Akaigeuza nyuma, kwenye maandishi ya kusomwa na sisimizi.

"Kaka, sukari haimo. Mchele haumo. Unga na mafuta navyo havimo."

"Sasa kimo nini?"

"Vingine vyote."

Vingine vyote vilikuwa 37,600. Nimepungukiwa na 12,400. Mtu mwenye akili timamu angelipa akaenda zake, lakini elfu tano ya bure ukishaihesabu kuwa ni yako, kuiacha ni kama kuibiwa. Nikarudi kwenye mashelfu kusaka vitu visivyo na kazi. Nikachukua dawa ya kunukisha choo, mishumaa ya keki (nyumbani hakuna wa kuzaliwa karibuni), na chupa ya zeituni ambazo ukoo wetu wote, kuumeni na kukeni, haujawahi kuzionja.

Dada akapiga hesabu upya. 49,800.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa pipi nne. Nilipewa pale pale wiki iliyopita, badala ya chenji ya shilingi 200. Nikazipanga kaunta moja moja.

"Kaka, hizo ni pipi."

"Wiki iliyopita zilikuwa hela."

Foleni ikacheka. Dada hakucheka. Jamaa nyuma yangu, ameshika mkate mmoja tu, akaniuliza, "Braza, kwani hiyo karatasi inapunguza ngapi?" Nikamwambia. Akautazama mkate wake, akaitazama foleni. "Ningekupa mimi tuondoke."

Hapo nikakumbuka mfuko. Tangu Juni 2019, ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki, tunanunua mifuko ya kubebea, na wa pale ulikuwa 500. Je, mfuko unahesabika? Dada hakujua. Akaitwa supavaiza, na supavaiza alikuwa amekwenda kunywa chai.

Wakati tunamsubiri nikawaza asili ya balaa lile. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mjini Atlanta, Marekani, Coca-Cola walianza kugawa kuponi: ipeleke dukani, unyweshwe glasi moja bure. Basi. Hununui kwanza kreti, wala hakuna aliyekuambia soda ya rangi hii haimo. Inakadiriwa kwamba kati ya 1894 na 1913 zilinywewa bure glasi 8,500,000. Bwana wa vigezo na masharti, inaonekana, alikuwa bado hajaajiriwa.

Supavaiza akaja, makombo ya sambusa kwenye tai. Akausoma mgongo wa kuponi, akaugeuza mfuko nje ndani, akatoa hukumu: mfuko unahesabika. Nusura nimkumbatie. Kisha mashine ikakataa kuponi, kwa sababu mkasi wa binti yetu ulikuwa umekata kona ya zile nambari. Wakaziingiza kwa mkono, mmoja anasoma, mwingine anabonyeza, na mwenye mkate naye akawa anasahihisha kwa sauti: "Sita, dada, siyo sifuri!"

Risiti ikatoka. Punguzo 5,000. Nilipe 90,700. Kwa kuokoa elfu tano nilikuwa nimetumia 12,700 ya ziada, na choo chetu kingenukia mrujuani mpaka mwezi wa Ramadhani.

Nje, mizigo ilikuwa mizito kuliko ya kubeba kwenye daladala. Nikaita bajaji.

"Mpaka nyumbani elfu tano, bosi."

"Nna buku nne."

Hakuuliza tarehe ya mwisho wala kuomba kona ya karatasi. "Panda," akasema, akawasha. Tulipofika njia panda akageuza shingo. "Ila tunapita sheli kwanza, bosi. Hiyo buku nne naomba nitangulizie."