Barua ya wazi kwa Mamlaka Husika: kelele zenye risiti

Kwa Mamlaka Husika,
Popote ulipo.

YAH: KUOMBA MWONGOZO KUHUSU BETHDEI YA MTOTO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mheshimiwa Mamlaka, anwani yako imenishinda. Nilipouliza nani anashughulikia kelele, nikaambiwa peleka kwa mamlaka husika. Nilipouliza nani anashughulikia mashine zinazokula hela za watoto, jibu likawa lilelile. Kwenye taarifa ya habari hakuna siku inayopita hujaombwa kuingilia kati, kuanzia bei ya korosho hadi viboko walioingia mashambani. Kwa kuwa ofisi yako haijulikani mlango uko upande gani, nimeona niandike hadharani, anayekufahamu akufikishie.

Shauri ni hili. Mpwa wangu wa hapa Kibiti anataka kufungua ukumbi wa bethdei za watoto: piza, mashine za gemu, spika, na kijana aliyevaa vazi la panya. Fremu ameshapata, karibu na barabara kuu iendayo Lindi. Spika ameshakopa. Piza kwa kuanzia itakuwa zege, yaani chipsi mayai, lililokatwa pembetatu na kumwagiwa tomato. Ukoo umegawanyika, na wazee wameniagiza nikuandikie kabla hajatundika bango, maana ukumbi anaouiga tulikwenda wote kuuona, siku mwanawe alipotimiza miaka mitano na wazazi wakaona Kibiti haitoshi.

Ukumbi wenyewe siutaji. Uko Dar es Salaam, ndani ya jengo la maduka, una kiyoyozi na taa za kila rangi. Dada yangu, bibi yake mtoto, alitoka ndani kabisa ya delta ya Rufiji. Alisubiri maji yajae ndipo mashua ielee, akashukia Nyamisati, akapanda bodaboda hadi Bungu, akadandia basi mpaka Mbagala. Mkononi alikuwa na kikapu cha kamba wakavu, zawadi ya mjukuu. Mlangoni akaambiwa chakula cha nje hakiruhusiwi. Kikapu kikabaki kwa mlinzi, na nina hakika siku ile hakuna aliyekula vizuri kumshinda mlinzi.

Tukaingia. Kila mashine ina wimbo wake, na zote zinaimba kwa wakati mmoja. Juu ya nyimbo hizo kuna muziki wa ukumbi, na juu ya muziki kuna MC. "Makofi ya kilo kwa mama mtoto! Hayatoshi! Kilo mbili!" Mtoto mwenyewe alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha kifalme mbele ya spika iliyompita kimo, taji la karatasi limemshuka hadi kwenye nyusi, viganja vyote viwili vimeziba masikio. MC akamwona, akatangaza kwamba mwenye siku yake amefurahi mpaka anashika kichwa. Tukapiga kilo tatu.

Dada akanivuta shati, akaniuliza kwa kupaza sauti: "Kwani hapa wanafukuza ndege gani?"

Mheshimiwa, hilo ni swali la mtaalamu. Deltani, mpunga ukikaribia kuiva, familia inahamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kuamia ndege kutwa nzima. Wanapiga madebe, wanapiga mayowe, watoto kwa wazee. Usiku ni zamu ya nguruwe pori. Dada amezipiga kelele hizo tangu utoto wake, na kila moja alijua inamfukuza nani. Za ukumbini alizichunguza kutoka saa nane mchana mpaka jioni, asimwone aliyefukuzwa isipokuwa mjukuu wake.

Sheria zipo, hilo silalamikii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo zilitoka mwaka 2015. Huku vijijini tunazielewa vizuri sana, maana tukitaka kumcheza mwali lazima kwanza kibali, na kwenye kibali unaandikwa muda wa kuzima ngoma. Kigodoro kikizidisha saa, mgambo hawapotei njia. Kule ukumbini sikuona mgambo. Niliona mashine ya risiti. Nikaelimika papo hapo: kelele ikitoka kwenye ngozi ya mbuzi ni kero, ikitoka kwenye spika na kukatiwa risiti ni huduma kwa mteja.

Sikio la mtoto, kwa bahati mbaya, halisomi risiti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujiumiza. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unapungua kwa nusu. Tuseme spika za ukumbi zilifika 90 tu, na nimezipunguzia kwa heshima: posho ya mtoto ni saa moja na robo kwa wiki nzima. Mjukuu wetu alikula posho ya wiki tatu kabla keki haijakatwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Baba mtu alitoa shilingi elfu ishirini, akapewa sarafu za ukumbi. Mtoto anatumbukiza sarafu, taa zinazunguka, mashine inatema vitiketi au haitemi. Vitiketi vinapelekwa dirishani, vinahesabiwa, unapewa zawadi. Vyetu vilitosha filimbi moja ya plastiki, ambayo gulioni Kibiti ni shilingi mia tano. Wakati wa kurudi, filimbi hiyo ilipulizwa ndani ya basi kutoka Mbagala mpaka Mkuranga, abiria wote wakishiriki bethdei, hadi dada alipoitaifisha na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Mheshimiwa, mashine ya namna hiyo tunayo huku. Inaitwa dubwi, inakula sarafu za mia mbili mbele ya kibanda, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuigusa. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba dubwi likikuonea huruma linakupa hela, na ile ya ukumbini inakupa filimbi.

Biashara hii ina mwenyewe, tusimlaumu mpwa wangu. Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atari mwaka 1972, alifungua ukumbi wa kwanza wa aina hii San Jose, California, mwaka 1977. Piza aliichagua kwa hesabu: haiivi upesi, na wakati mzazi anasubiri, mtoto anacheza na sarafu zinaingia. Panya naye alikuja kwa ajali. Bushnell alinunua vazi akidhani ni la mbweha wa Marekani. Lilipofika likawa la panya, na panya huyo akawa mwenyeji wa watoto wa Marekani hadi leo. Kwetu panya anachimbua mbegu ya mpunga kabla haijaota, na hatujawahi kumpigia makofi. Dada alipoona panya wa kimo cha mtu anamkumbatia mjukuu wake, alivua kandambili moja akaishika mkononi, mpaka alipohakikishiwa kuwa huyu analipwa mshahara.

Lakini hilo la kusubiri ndilo lililonigusa, kwa sababu kwa kusubiri sisi ni mabingwa. Kabla ya Daraja la Mkapa, lile la mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, magari ya Lindi na Mtwara yalipanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea foleni ililala hapo. Kinamama waliuza samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha, watu wakala. Hao akina Bushnell wa Ndundu hawakuwahi kuchelewesha kivuko ili samaki wao watoke. Leo deltani mgonjwa bado anasubiri maji yajae ndipo mashua itoke. Ukumbini, mtoto mmoja alijigonga goti kwenye ngazi ya mashine: kabla hajalia vizuri, dada mwenye sare na sanduku la huduma ya kwanza alikuwa ameshafika.

Kutokana na maelezo hayo, naomba mwongozo wako kama ifuatavyo.

Kwanza, wataalamu wako wakienda kupima kelele za kumbi hizi, wasisimame getini na kifaa chao. Waketi kwenye kiti cha kifalme, mbele ya spika, kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano, mpaka keki ikatwe.

Pili, utamke kama ile mashine ya vitiketi ni mchezo wa watoto au ni dubwi lililooga. Ukisema ni mchezo, tutaomba na madubwi yetu yahesabiwe hivyo hivyo. Tuko tayari kuyabandika picha ya panya kwa gharama zetu.

Tatu, endapo kinachohalalisha kelele ni risiti, tunaomba ngoma ya mwali ipandishwe daraja iwe kituo cha burudani ya familia. Tutanunua mashine ya risiti. Kungwi atavaa sare. Chakula cha nje kitaruhusiwa, hapo hatulegezi msimamo.

Nne, mpwa wangu apewe leseni, ila afungulie ndani ya delta na si Kibiti mjini. Umeme usiwe kisingizio, kwani Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, liko kwenye mto wetu wenyewe. Mwaka 2024 mto huo ulipofurika, mashamba ya Rufiji na Kibiti yalizama, na hatukuomba risiti. Ukumbi ukishajengwa huko, tunaamini yule dada wa sanduku la huduma ya kwanza atalazimika kuwepo, na boti iendayo kasi italazimika kuwepo, maana mteja hawezi kusubiri maji yajae. Tumeomba vitu hivyo kwa ajili ya wajawazito. Sasa tunajaribu kuviomba kwa ajili ya piza.

Ukumbi ukikataliwa, mpwa wangu ana mpango wa pili, wa kukodisha spika kwa wanaoamia ndege. Huo wazee wameupitisha bila kupingwa.

Naomba kuwasilisha.

Mjomba wa mwenye ukumbi mtarajiwa,
Kibiti, Pwani.

Nakala kwa:
Mlinzi wa jengo (arudishe kikapu).
Panya (kwa taarifa).
MC wa siku ile (asomewe bila kipaza sauti).